Ekseli Mbili Zako, Mbili Zangu

Cape May, New Jersey
Jumapili, 8 Septemba 2024

Bibi yangu Orpha,

Shikamoo. Nimefika, ninakula, na miguu ina malengelenge mpaka kwenye nyayo. Simu zetu wamezifungia kabatini tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mpaka nimalize mafunzo ni kalamu tu, na kalamu yenyewe ni Jumapili. Najua utafurahi. Ulisema simu imenilegeza akili.

Wakufunzi wa Walinzi wa Pwani wanatupigia kelele kuanzia alfajiri. Makuruta wenzangu wanalia chooni. Mimi nimelelewa na wewe, naona kama niko nyumbani.

Gwaride la kuhitimu ni Ijumaa, tarehe mosi Novemba. Kila mmoja anaandikisha majina ya wageni wake na namba ya gari watakalokuja nalo, mwisho tarehe 25 Oktoba. Penye nafasi ya mzazi nataka nikuandike wewe, kama nilivyofanya shule nzima tangu mama afariki. Niambie tu kwamba unakuja.

Mambo mawili madogo. Gari langu dogo liwashe kila baada ya siku chache, betri isife. Na barua zangu zikija usihangaike nazo, nimeomba posta wanielekezee huku.

Mjukuu wako,
Janelle


Nappanee, Indiana
14 Septemba 2024

Janelle,

Marahaba. Mimi mzima, kuku wazima, goti la kushoto ni lile lile. Nimeshika kalamu ili nikugombeze, ila nitaanza na habari za hapa usije ukasema bibi yako hana adabu.

Verlin Stutzman ameuza gari-nyumba lake; sasa langu ndilo limebaki peke yake mtaani. Lile refu, lenye makabati ya mbao nyekundu niliyoyafunga mimi kwa mikono hii kiwandani, mwaka ule mvua ya mawe ilipovunja madirisha ya kanisa. Yeye na mkewe Wilma walikuwa wakienda nalo Sarasota, kusini kwenye joto, kila msimu wa baridi. Mwaka huu kapiga hesabu ya tozo za barabara, za kwenda na za kurudi, akakaa mezani kimya mpaka kahawa ikapoa. Kila mwaka wanapandisha, na hawaoni haya. Gari la kawaida lina ekseli mbili, ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, wanalitoza kama gari. Gari-nyumba likikokota gari dogo nyuma zinakuwa ekseli nne, wanakutoza kama umebeba magogo. Verlin kabeba nini? Kambeba Wilma na kikapu chake cha kufumia.

Nikamwambia apite barabara za zamani, zile za bure. Akasema kwa umri wake hana muda wa kusimama kwenye taa nyekundu za kila kijiji. Nikamwambia basi akae nyumbani azeeke vizuri. Wilma hakucheka. Limenunuliwa na kijana wa Chicago, nasikia anataka kuuzia kahawa ndani yake.

Sasa kukugombeza. Kanisa letu ni la watu wa amani, wasioshika silaha. Babu yako Ervin alipoitwa jeshini alikwenda kusafisha sakafu kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili miaka miwili badala ya kuvaa gwanda. Watu walimtemea mate njiani, akajifuta, akaendelea na safari yake. Wewe umelivaa bila hata kuitwa. Unasema ni kuokoa watu majini. Ingekuwa ni kuokoa watu tu, wangekupa koti la mvua na kamba.

Kwa hiyo usiniandikishe. Sitakuja kukuona unapiga miguu chini kama farasi anayefukuza nzi.

Gari nimeliwasha. Linakohoa.

Bibi yako,
Orpha Hochstetler


Cape May
Jumapili, 22 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali ulipotabasamu. Nimepaona kwenye habari za Verlin tu.

Wiki hii tuliruka majini na nguo zote, kutoka jukwaa la juu. Mimi, ambaye ulikuwa ukiniosha nywele jikoni huku nimekushika shingo maji yasiniingie masikioni. Mwenzangu wa kitanda cha juu, Pilar, aliniambia nisitazame chini. Nilitazama chini. Nikaruka hivyo hivyo. Nilipoibuka nilitaka mtu wa kumwambia, na mtu huyo ni wewe, ndiyo maana nakwambia.

Sasa usikasirike. Habari za gwanda ulizijua tangu Machi. Asubuhi ya safari ulinifungia mkate na mayai ya siki, ukanisukuma mgongoni niwahi basi. Mbona leo gwanda limekuwa kubwa? Halafu nimetazama barua yako. Tozo zimejaa ukurasa, gwanda limepata mistari michache pale chini.

Bibi, kama ni tozo, niambie. Hapa wananilipa mshahara na sina pa kuutumia. Nitakutumia. Uje na barabara kubwa ya kulipia, unyooshe moja kwa moja, ulale mara moja njiani, umefika. Sitamwambia mtu.

Janelle


Nappanee
26 Septemba 2024

Janelle,

Sikukulea ili uje uhesabu mistari ya barua zangu.

Pesa yako kaa nayo. Niliacha shule darasa la nane, nikaingia kiwandani, na tangu siku hiyo sijawahi kulipiwa hata kikombe cha kahawa na mtu niliyemfunga nepi. Ukinitumia hata senti nitairudisha, na stempu nitakudai.

Ni gwanda. Nikisema ni gwanda, ni gwanda.

Na usitegemee barua yangu kwa muda. Tufaha zimeiva, paa la banda linavuja, nina kazi. Wewe andika ukitaka, nitasoma nikipata nafasi.

Kula nyama. Maji ya baridi hayamtaki mtu mwembamba.

Orpha Hochstetler


Cape May
Jumapili, 6 Oktoba 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini paa limeacha kuvuja.

Leo wametukumbusha tena habari za wageni. Mkufunzi amesema asiyekuwa kwenye orodha hapiti getini, hata alie, hata aje na keki. Kuna mama wa kuruta mmoja aliyetoka mbali sana msimu uliopita, akasikiliza gwaride la mwanawe kutoka nje ya uzio. Pilar ameandikisha watu kumi na mmoja. Anasema kama nataka ananiazima shangazi.

Sikukusudia kukuvunjia heshima kwa yale ya pesa. Niliona tu kwamba ningependa kukulipia kitu kimoja maishani.

Gari bado unaliwasha?

Janelle


Cape May
Jumapili, 13 Oktoba 2024

Bibi,

Hujajibu, sawa.

Karatasi ya wageni nimeirudisha tupu. Nimejisemea mwenyewe kwamba ni kwa kukutii.

Jana nilimuuliza mkufunzi kuruta anayetaka kuacha hufanya nini. Hakupiga kelele. Akaniuliza ukirudi huko nyumbani unakwenda kwa nani. Nikamtajia mji, si mtu. Akaniambia nikalale, tutazungumza wiki ya mwisho kama bado nitakuwa na swali.

Bado ninalo.

Janelle


Cape May
Alhamisi, 24 Oktoba 2024

Bibi,

Leo si Jumapili. Nimeomba ruhusa ya kuandika, na mkufunzi alipoona sura yangu hakuuliza sana.

Mchana walipogawa barua niliitwa. Nikadhani ni wewe. Kumbe ni bahasha ya barabara ya kulipia ya Pennsylvania, imekwenda Nappanee na posta wameielekeza huku. Ndani ni bili ya tozo. Jina langu, namba ya gari langu, na tarehe ya mwisho wa Septemba, siku ambayo mimi nilikuwa hapa nikisugua sakafu kwa mswaki. Kuna na picha. Ni mgongo wa gari langu dogo, taa ya kushoto ina ile plasta nyekundu uliyoibandika wewe, na kile kibandiko cha maonyesho ya kilimo.

Nilikaa chini. Nikasema limeibwa. Pilar akatazama picha, akaniambia taratibu, "Rafiki yangu, bibi yako ameliuza." Nikaamini. Nitakwambia ukweli, niliamini. Nikasema amekasirika, hajibu barua, na gari langu amempa mtu anayekwenda zake. Nilikuwa naikunja ile bili nikamuulize mkufunzi lile swali langu.

Halafu nikaona wametoza pesa nyingi. Nyingi mno kwa kigari kama kile. Nikaifungua tena, nikasoma kila mstari kama unavyosoma wewe risiti ya duka la mbegu.

Ekseli: nne.

Gari langu lina ekseli mbili, Bibi. Mbili mbele yake ni za nani? Ni nani Nappanee nzima mwenye ekseli mbili nyingine na ndoano ya kukokotea gari, na asiyejua kwamba kamera hupiga namba ya nyuma kabisa?

Nilicheka mpaka Pilar akafikiri nimepata habari za msiba. Nikakimbia ofisini. Mwisho wa kuandikisha ni kesho. Nimeandika Orpha Hochstetler, bibi. Namba ya gari-nyumba lako siikumbuki, kwa hiyo nimeandika ya gari langu, maana huyo anayekuja, anakuja nalo.

Barua hii naituma Nappanee, ambako sasa najua haupo. Sina pengine pa kuituma. Sijui uko mlima gani, sijui umelala wapi, sijui hata kama unaendelea kuja au ulikasirika njiani ukageuza.

Usigeuze.

Janelle


Kambi ya magari, karibu na Dennisville, New Jersey
28 Oktoba 2024

Janelle,

Kama umesimama, kaa.

Sipo Nappanee. Niliondoka siku ile ile niliyokuandikia kwamba nina kazi. Niliitia barua posta, nikawapeleka kuku kwa Wilma, nikalifunga gari lako nyuma ya gari-nyumba, nikaondoka. Nilinyamaza kwa sababu posta hupiga muhuri wa mji juu ya bahasha, na wewe una macho.

Nimepita barabara namba thelathini, ile ya zamani, isiyomdai mtu kitu. Ohio ni tambarare, na taa nyekundu kweli zipo kila kijiji, Verlin hakusema uongo. Milima ni Pennsylvania. Gari lilipanda kama mwenye pumu, nyuma yangu msururu wa malori, na mmoja aliponipita akanionyesha kidole. Nilimpungia mkono kwa adabu. Kushuka nilishuka na gia ya chini huku nikiimba nyimbo za mazishi, maana ndizo za polepole ninazozijua.

Sasa kuna jambo la Breezewood, na nakueleza mwenyewe kabla hujalisikia kwingine. Pale barabara namba thelathini inapita katikati ya vituo vya mafuta, halafu njia zinagawanyika, na mabango yamening'inia kama nguo za familia ya watoto kumi. Lori likanibana. Kuja kushtuka, niko kwenye barabara ya kulipia, ile ile niliyosema gurudumu langu halitaikanyaga. Nikasema haidhuru, mbele kuna kibanda, ndani kuna mtu, nitamweleza nimepotea, atanigeuza. Maneno nilikuwa nayo tayari, makali kidogo.

Vibanda vipo, Janelle. Watu hawapo. Wamewaondoa wote. Nikasimama. Nikapiga honi. Nikashuka na mkoba wangu nikagonga kioo. Walio nyuma yangu nao wakapiga honi zao. Juu kuna jicho la kamera, likanitazama, basi, umeshatozwa, na hakuna aliyekuuliza hata umeamkaje. Miaka yote hii wanapandisha bei nikijua angalau sehemu inakwenda kwa yule mama wa kibandani aliyekuwa akimpa Ervin peremende. Kumbe yeye ndiye waliyemtoa kwanza. Nilitoka kwenye njia ya kutokea iliyofuata, nikaitafuta barabara yangu, na sikusimama tena mpaka Chambersburg.

Bili yake sijaiona. Wilma anachungulia sanduku langu la barua; zako ananiwekea bila kuzifungua, bili anasema hakuna. Labda wamenisahau. Ila watu wa namna ile hawasahau.

Lancaster nilikaa kwa Fannie, binti wa shangazi yangu, mpaka wiki iliyopita. Tulipika siagi ya tufaha, ile jamu nzito ya kupaka mkate, uani, sufuria baada ya sufuria, tukaiuza sokoni, akanipa sehemu yangu ikawa pesa ya mafuta. Ananiita kibarua wake. Aliniuliza watu wa kanisa letu wanakwendaje kutazama gwaride. Nikamwambia sitazami gwaride, natazama miguu ya mjukuu wangu, gwanda litakuwa pembeni.

Kuingia New Jersey nilipita darajani bure. Nikajua hapa kuna mtego. Jirani yangu wa kambini, Dolores, anasema unalipa wakati wa kutoka. Watu wa ajabu hawa, wanakuachia uingie halafu wanakuuzia mlango.

Na huyo huyo Dolores ndiye aliyeniharibia usingizi. Mwanawe alihitimu huko kwenu. Anasema asiyekuwa kwenye orodha hapiti getini. Nikamwambia nitazungumza nao. Akanitazama kama unavyonitazama wewe nikisema naweza kupanda paa.

Janelle, mimi ndiye niliyekwambia usiniandikishe. Nilitaka tu siku hiyo uinue kichwa unione nimesimama pale. Safari nzima nimefikiria tozo. Geti sikulifikiria.

Ilikuwa tozo. Gwanda silipendi hata leo, lakini ilikuwa tozo. Nilipiga hesabu ya barabara kubwa, ekseli nne, na pensheni yangu ya kiwanda, nikanyamaza kama Verlin. Kwa ekseli mbili labda ningejibana, lakini gari lako lilikuwa lazima lije, nami lazima nirudi na langu. Utamaliza pale na mfuko mmoja begani, watakutuma usikomjua mtu, utakwendaje? Afadhali uniite mkaidi kuliko unionee huruma. Ndivyo nilivyo, na wewe ndivyo ulivyo, usijifanye.

Posta wanasema barua itakufikia kabla ya Ijumaa. Ikifika, niandikishe, kama bado wanakubali. Isipofika, nitakuwa nje ya uzio, nimesimama kwenye ngazi ya gari, nguo nyeusi na kofia nyeupe ya kanisani. Ukisikia honi ndefu, ni mimi.

Bibi yako,
Orpha


Kituo cha Walinzi wa Pwani, Michigan City, Indiana
Jumapili, 10 Novemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nakuandikia kwa Fannie kwa sababu najua utapumzika hapo, na simu yako iko ukutani Nappanee haina mtu wa kuipokea.

Nimefika salama. Nilipita barabara ya kulipia, usinigombeze, nilitakiwa kuripoti. Kwa ekseli mbili si mbaya sana. Gari linakohoa lakini halikuzima. Kituo kiko ufukweni kabisa, ziwa limechafuka tangu juzi, na kutoka hapa mpaka jikoni kwako ni safari ya asubuhi moja. Walipotusomea vituo na kusema Michigan City, Pilar ndiye aliyenishika nisiruke kwenye mstari.

Sasa kaa wewe.

Barua yako ya kambini haikunifikia kabla ya gwaride. Imenifuata huku, nimeipata jana. Ijumaa ile ulinikumbatia ukasema posta ya New Jersey wanajitahidi, nami nikakuacha uamini kwamba barua yako ndiyo iliyokuandikisha, kwa sababu wewe mwenyewe hukutaja tozo hata mara moja. Ulisema nimekonda, ukanipa mayai ya siki kwenye kopo, ukaniuliza nani ananifulia. Kumbe ya tozo ulikuwa umeshayasema kwenye barua hiyo na hukutaka kuyarudia mdomoni.

Aliyeniambia unakuja ni kamera. Bili ya Breezewood ilikuja kwangu, maana walipiga namba ya nyuma, na namba ya nyuma ni yangu. Ilifika siku moja kabla orodha haijafungwa. Usingepotea njia, Bibi, ungekuwa kwenye ngazi unapiga honi, na mimi ndani nimebaki na swali langu. Barua niliyokuandikia siku hiyo iko kwa Wilma inakungoja. Isome uone nilivyokuwa mjinga.

Askari wa geti alinisimulia chakulani. Anasema kaja mama na jumba la magurudumu, namba haimo kwenye orodha, jina limo. Akamsomea namba iliyoandikwa, akamwambia mama ageuze. Mama akamwambia, "Nimepita geti lisilo na mtu njia nzima. Hili lina mtu, basi huyo mtu azunguke atazame." Akazunguka mpaka nyuma, akaikuta namba yangu mkiani. Anasema hajawahi kumpitisha mgeni kuanzia nyuma.

Mimi nilikuwa mstari wa pili. Tuliambiwa tutazame mbele tu. Nilitazama mbele, na mbele ulikuwa wewe, katikati ya puto na bendera, kofia nyeupe, mkoba umeukumbatia kama kuna mtu anataka kuuchukua. Nilikuwa na swali. Sikuliuliza tena.

Bili nimeilipa leo kwa mshahara wangu. Yote. Usirudishe hata senti.

Mjukuu wako,
Janelle


Kwa Fannie, Lancaster, Pennsylvania
15 Novemba 2024

Wewe mtoto,

Barua yako niliifungua mezani, nikawa namsomea Fannie kwa sauti. Nilipofika pale pa kamera nikavua miwani. Akaninyang'anya akamaliza mwenyewe, halafu akaenda kutazama kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kwa hiyo niliwatukana bure. Sijui nifanyeje sasa. Bei yao bado ni ya kinyang'anyi na kibandani wamrudishe yule mama, hilo siliondoi. Lakini ile picha usiitupe. Itunze penye vyeti vyako.

Kuhusu kulipa. Umelipa ekseli nne. Mbili ni za gari lako, na gari lako lilikuwa na haki ya kusafiri. Mbili ni zangu. Humu ndani utakuta nusu, nimeikunja kwenye karatasi ya kufungia siagi ya tufaha, isionekane kwenye bahasha. Ukinirudishia nitakuja mpaka hapo kituoni kwenu niiweke mezani kwa mkubwa wako mbele ya watu. Stempu sikudai.

Swali lako nimelisikia, Wilma alinisomea barua zako kwa simu. Ukiwa nalo tena uniulize mimi, usiwaulize watu wenye kazi zao.

Gwanda limekukaa vizuri mabegani. Sisemi zaidi ya hapo.

Nimempigia Wilma kwa simu ya shambani kwa Fannie. Nikamwambia ampe Verlin chombo asikie. Nikamwambia Verlin, makabati yangu ni yale yale, kitanda cha pili kipo, na tozo ikigawanywa kwa watatu haimnyamazishi mtu mezani. Januari tunakwenda Sarasota kwa gari langu. Penye barabara ya bure tutapita ya bure, penye milima tutalipa kama watu wazima. Akasema atafikiri. Nikasikia Wilma nyuma yake anatafuta kikapu chake cha kufumia.

Kabla ya hapo nitapita kwako. Kutoka Nappanee nitakuja na barabara namba ishirini, haina tozo wala kamera. Unionyeshe hilo ziwa. Na unionyeshe unavyoruka, kama maji hayajaganda.

La mwisho ni hili. Kutoka New Jersey darajani walinilipisha, kama Dolores alivyosema. Ila pale kibandani palikuwa na mtu, mama mnene mwenye glavu zilizokatwa vidole. Nikamuuliza ameamkaje. Akasema mgongo unamuuma. Nikampa chupa ya siagi ya tufaha. Akatazama nyuma ya gari, akaniambia ni ekseli mbili tu, mama, nafuu yako.

Kweli ilikuwa nafuu. Gari jepesi, mlima halisikii. Nimekuja mpaka hapa nikitazama kioo cha nyuma, gari lako halipo.

Afadhali ningelipa nne.

Bibi yako,
Orpha Hochstetler